Maji ya Kumnawisha Nyota

Emérithe alikuwa anamnawisha mikono mgeni wake, mwimbaji maarufu, jagi la maji ya vuguvugu mkononi, mgeni alipotoa mzaha wake.

"Leo nimeona wanaume wawili wameshikana mikono pale stesheni," mwimbaji alisema huku akijipaka sabuni. "Kwetu hao tungewachoma kama mahindi!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mtaa mzima wa Fisksätra, huku Uswidi, ulikuwa umehamia humo, kila mtu akitaka kesho asimulie kwamba alikula meza moja na nyota. Emérithe mwenyewe aliingia ukumbini siku ya harusi yake kwa wimbo wa huyu huyu.

Mwanawe wa kiume alikuwa ameketi mwisho wa meza, akikodolea macho sahani tupu. Wiki iliyopita alimwambia mama yake, na mama yake peke yake, kwamba ana mpenzi, na mpenzi huyo ni mwanamume.

Jagi likasimama hewani.

"Mama, maji yameisha?" mwimbaji akauliza, povu likimtiririkia hadi kwenye saa yake ya dhahabu.

"Maji yapo tele."

"Jamani dada, mmwagie," jirani akamnong'oneza. "Sisi tunacheza nyimbo zake, maneno yake tunamwachia mwenyewe."

"Mamma, snälla," mwanawe akamsihi kwa Kiswidi.

Emérithe hakumwaga hata tone. Vicheko vikakatika. Macho ya wageni yakatoka kwenye jagi, yakapanda usoni kwake, halafu, mmoja baada ya mwingine, wageni wakageuka kumtazama kijana wa mwisho wa meza.