Mgongo wa Noti

Bi Alma Trevena hakujali uso wa noti. Aliigeuza, akaisogeza dirishani, akautazama mgongo, kisha akairudisha juu ya meza.

"Si hii, Harlan."

Mgodi wa Dunmore ulishafungwa zamani, lakini noti ulizochapa wenyewe kuwalipa wachimbaji bado zilitafutwa na wakusanyaji, na Harlan ndiye aliyeziuza. Alimpenda bibi huyu. Kila Jumamosi bibi alimletea mkate aliouoka mwenyewe, umefungwa kwa kitambaa cha maua, bado una joto.

"Bi Alma, unachagua noti kuliko ulivyochagua mume."

"Mume nilichaguliwa. Hii moja naichagua mwenyewe, kabla macho hayajapofuka."

"Moja ipi?"

"Nitaijua."

Harlan akajua anachotaka: mgongo safi. Noti za wachimbaji zilijaa grisi na hesabu za penseli, na mkusanyaji gani anapenda uchafu?

Wiki ile akapata moja nzuri, kutoka nyumba ya marehemu fundi majeneza. Tatizo lilikuwa nyuma tu, mtoto fulani alikuwa amechora kuku kwa penseli, tena vibaya. Harlan akamega sehemu laini ya ndani ya mkate wa Bi Alma, akausugua mgongo taratibu, kama wafanyavyo watu wa kazi yake kufuta penseli. Ukatakata.

Jumamosi Bi Alma aliingia akipapasa ukuta. Harlan alikuwa ameishika noti tayari, anatabasamu.

"Daktari kasema macho ndiyo basi," alisema bibi. "Kuanzia leo utaniangalizia noti wewe, kwa hiyo nikwambie. Ningesema zamani, nyinyi wauzaji mngenichorea ya uongo."

"Tungekuchorea nini?"

Akaketi, kitambaa cha maua mapajani.

"Mgodi ulipoporomoka, baba na wenzake hawakufa siku ile. Walikaa huko chini gizani, mishahara mifukoni. Wenzake wakaandika nyuma ya noti zao, kuwaaga watoto. Walipotolewa wamekufa, wajane waliletewa noti hizo. Ya baba haikufika."

"Pengine hakuandika, Bi Alma."

"Angeandikaje? Hakujua hata herufi moja." Akacheka kidogo. "Mimi alikuwa akiniita Shomoro. Angenichorea ndege."

Bi Alma alifungua kitambaa, akamsogezea mkate.

"Nasikia karatasi mkononi mwako, mwanangu. Haya, igeuze. Mgongoni kuna nini?"