Oili ya Miezi Mitatu

Siku hiyo bwege alikuwa Rasto. Mwenyewe anakubali, tena upesi, kabla mtu mwingine hajaanza kuisimulia vibaya zaidi.

Alivuka mpaka pale Busia asubuhi moja ya Aprili, mwaka 1966, injini ya mtumbwi imefungwa kwa mpira nyuma ya baisikeli, samaki watatu wananing'inia kwenye usukani. Askari wa mpakani alimpungia mkono tu. Mtu aliyesukuma injini kutoka Sio Port mpaka Uganda ili ikabadilishwe oili hana nguvu iliyobaki ya kufanya magendo.

Oili yenyewe ilikuwa shughuli ya pili. Ya kwanza ilikuwa Asekenye, binti wa fundi Okanya. Huyu Okanya alikuwa Mteso aliyehudumia mashine za kiwanda cha saruji kule Tororo miaka mingi, kabla ya kufungua karakana yake Busia. Sharti lake lilikuwa moja: binti yake haolewi na mtu wa kukaa tu. Kama ni mvuvi, avue. Na jibu alikuwa ameahidi kulitoa leo.

Rasto alikuwa amejiandaa. Injini aliirithi Januari kwa marehemu mjomba wake, na tangu hapo kila alfajiri, isipokuwa Jumapili, Sio Port nzima ilimwona akiteremka nayo ufukweni begani. Kila adhuhuri ilimwona akipanda nayo, samaki mkononi. Ukitaka mashahidi, kijiji kizima.

Januari hiyohiyo Okanya aliimwaga oili ya marehemu, akajaza mpya, akatoa na somo. Oili ya gia hubadilishwa kila injini ikifanya kazi saa mia. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia, na mwenye injini ni mzembe. Neno hilo la mzembe lilimwingia Rasto. Miezi mitatu alikuwa akiota chai ya maziwa.

"Yoga, baba mkwe," alisalimu mlangoni kwa Kiteso.

"Mkwe ya nani? Weka injini chini," Okanya alijibu kwa Kiswahili chake cha karakana.

Nje ya karakana, Asekenye alikuwa akifungua biashara yake ya samaki wa kukaanga. Alimwaga mafuta ya jana, meusi kama lami, akapangusa karai, akatia mapya. Alipokea samaki watatu wa Rasto bila kumtazama. Rasto aliona hiyo ni dalili njema.

"Sasa wewe nasema saa mia imefika?" Okanya aliuliza.

"Imepita, baba. Lakini mimi na hiyo saa mia hatupatani. Ningekuwa fundi ningesema hamsini. Injini ni kama mke, haitaki kungoja mpaka ilalamike."

"Mke bado hatujakupa."

Rasto akacheka peke yake. Okanya alilizungusha kwa kidole pangaboi la injini, lile linalosukuma maji.

"Hii nilipaka rangi mimi. Bado iko yote."

"Naitunza, baba."

"Na pini ya kushika pangaboi? Huko kwenu ni mawe na matete. Wenzako nakuja hapa kununua pini kila wiki."

"Yangu haijakatika hata mara moja. Huo ni mkono wa dereva."

"Petroli hii injini nakunywa namna gani?"

"Ina adabu sana. Inaonja tu."

Okanya aliguna, akachukua bisibisi. Alifungua skrubu ya chini kwenye mguu wa injini, kisha ya juu ili hewa ipite. Rasto alifumba jicho moja. Oili ikaanza kuteremka polepole ndani ya kopo tupu la mafuta ya Kimbo, nyembamba kama uzi, kisha nene kama kamba.

Ilikuwa ya rangi ya asali. Ilikuwa safi hata ungeweza kusoma maandishi chini ya kopo.

"Haya!" Rasto aliruka, akalinyakua kopo. "Chai ya maziwa iko wapi? Nauliza, iko wapi? Miezi mitatu majini, kila siku, na oili kama imetoka dukani sasa hivi!" Alimwonyesha Okanya. Alimwonyesha mteja aliyekuja kuziba pancha. Kulikuwa na mbuzi hapo, naye akaonyeshwa. "Baba, saa mia ni za watu wengine. Hamsini niliyosema mimi pia naifuta. Kwa mkono huu, oili inakaa miaka miwili! Irudishe ndani."

Okanya aliangalia kopo kwa muda mrefu, akamwangalia Rasto kwa muda mrefu zaidi.

"Kweli," alisema. "Hii hapana haja kubadilisha."

"Umesikia mwenyewe!" Rasto alimwambia mteja wa pancha. Kisha akashusha sauti, akavuta shati likae sawa. "Basi, baba, wazee wangu waje Jumamosi?"

Okanya alianza kufuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hiyo uliza mwenyewe."

Asekenye alikuwa amekwisha simama mlangoni. Alilipokea kopo, akaliinamisha kwenye mwanga, akaenda kuliweka chini kando ya karai lake, ambamo samaki wa kwanza alikuwa akigeuka rangi, na mafuta pamoja naye.

"Rasto," alisema, "mafuta niliyomwaga asubuhi yamefanya kazi siku moja tu, na umeyaona. Wazee wako waje Jumamosi, nitawapikia. Ila waje na huyo mtu anayekuuzia samaki, nimuulize kama ameoa."