Msumeno Usiotetemeka

Elinihaki aliuwasha msumeno mpya uani, akatikisa kichwa. Ule wa zamani, aliopasulia mbao miaka ishirini, ulikuwa umelala kwenye gunia.

"Ule ulinitetemesha mpaka meno," alimwambia mkewe. "Huu umetulia tu, hauna nguvu. Wenye duka wakakatie ndizi. Kesho naurudisha dukani."

Nakijwa akashika mpini, kando ya mkono wa mumewe. Mtetemo ukampanda hadi kiwikoni.

"Baba Tumsifu, unatetemeka."

"Wapi? Mbona mimi siusikii?"

Nakijwa alivitazama vidole vya mumewe. Msumeno ulipozimwa, alimletea chai inayochemka kwenye kikombe cha bati, amekishika kwa pindo la kanga.

Elinihaki akakikumbatia kwa viganja vyote viwili bila kushtuka, akaendelea kuulaumu msumeno.