Bwana Mdogo wa Mama Miche

Aliyekuwa akitembezwa asubuhi ile alikuwa fundi makochi, si mbwa. Mbwa alikuwa mbele, mdogo, manyoya yamesimama kama brashi ya kusugulia sakafu, anavuta kamba kama mtu aliyechelewa kazini. Fundi alikuwa nyuma, shati limemlowa, anaomba radhi kwa kila mpita njia.

Yote hayo ni mapenzi. Fundi, mseja wa makamo aliyezoea kuishi na gundi na misumari, alimpenda Mama Miche, mjane aliyeuza miche ya maua ng'ambo ya karakana yake. Siku alipojikaza akavuka barabara kumsalimu, alimkuta mbwa huyo katikati ya vitalu, anachimba, udongo unaruka hadi mlangoni, na Mama Miche amesimama pembeni anatabasamu. Fundi akawaza kwamba mtu anayeweza kumtabasamia mbwa wa namna hii hakika anampenda kama mwanawe.

Yeye mwenyewe aliogopa mbwa tangu utotoni, na alama za meno alikuwa nazo bado kwenye shavu la mguu. Lakini maneno yote aliyoyaandaa yalimkimbia, akajikuta anasema, "Huyu anahitaji mazoezi. Kuanzia kesho nitakuwa nakimbia naye asubuhi."

"Vizuri," Mama Miche alisema. "Mkirudi, mpitie hapa mnywe chai. Au sio, Bwana Mdogo?"

Jina likawa hilo, ingawa mbwa hakuliitikia hata siku moja.

Kukimbia tu hakukutosha. Bwana Mdogo alirudi kutoka mbio na kuanza kufukuza vivuli. Fundi akaenda kuomba ushauri kwa bibi wa dirishani, mkunga mstaafu aliyehamia nyumba iliyopakana na bustani ya Mama Miche siku za karibuni. Bibi alikuwa amevunjika mguu, akawa anashinda dirishani, mguu juu ya kigoda, akijua habari za mtaa mzima.

"Hao ni teria, mbwa wa kuwinda, mwanangu," bibi alimwambia. "Babu zao waliingia mashimoni kufukuza panya. Usipompa kazi, atajitafutia, na kazi atakayoipata hutaipenda. Mfichie mpira, autafute. Usimkaripie, ni mbishi, atakukaripia na wewe. Na brashi usiisahau. Kuoga asizidishiwe, ngozi itamkauka."

"Asante, bibi. Mguu unaendeleaje?"

"Unajivuta tu, mwanangu. Mambo ya uzee."

Fundi alifuata kila neno. Alimshonea ukanda wa shingoni kwa kipande cha kitambaa cha kochi, kile chekundu cha wateja wenye uwezo. Mama Miche akanunua brashi. Walimsugua pamoja kwenye benchi la bustani, huyu ameshika kichwa, yule ameshika mkia, mbwa akijipinda katikati yao huku akijitahidi kumeza brashi.

"Na kucha, nani atazikata?" Mama Miche aliuliza siku moja.

"Mimi," fundi alisema, jasho likimtoka.

Akazikata kweli, amefumba jicho moja. Jioni, kama kawaida yake, Bwana Mdogo alipenya chini ya ua wa bustani, akaenda zake kulala.

Mapenzi hayo yalikuwa na gharama. Mbwa aliingia karakanani akatoa sponji yote ndani ya kochi la mteja, na fundi akamwambia Mama Miche kwamba kacheza kidogo tu. Wiki iliyofuata akafukua mawaridi yaliyokuwa yameagizwa kwa harusi, na Mama Miche akamwambia fundi kwamba udongo ule ulihitaji hewa. Fundi alizidi kumpenda. Mwanamke mwenye subira kama hiyo, aliwaza, hata mume atamvumilia.

Basi siku ya mapumziko akavaa shati lake la heshima, akavuka barabara. Moyo ulimdunda kuliko siku ya kukata kucha. Mama Miche akikataa, hata chai ya asubuhi itakuwa imekwisha.

"Mama Miche," alisema, "nataka nikuoe."

Mama Miche aliweka chini ndoo ya maji. Fundi akaona mambo yameharibika.

"Nami nakutaka," Mama Miche alisema. "Nakutaka sana. Ila nikwambie ukweli, usikasirike. Mbwa wako hatalala ndani."

"Mbwa wangu?"

"Nimemvumilia kwa ajili yako. Lakini mawaridi yale yaliniliza, fundi."

"Mimi siku ile ya kwanza nilimkuta hapa kwako. Ulikuwa unatabasamu."

"Nilitabasamu kwa sababu wewe ulikuwa unakuja. Nikajua unamfuata mbwa wako."

Fundi akapandisha mguu wa suruali, akamwonyesha zile alama za meno. Mama Miche aliziangalia, kisha akaanza kucheka hadi akakaa juu ya mfuko wa mbolea. Fundi naye akacheka, akakaa pembeni yake, na jibu likawa limepatikana bila mtu kulirudia. Kati yao Bwana Mdogo alikuwa ametulia, kitu ambacho hakijawahi kuonekana, anawaangalia kwa zamu.

"Sasa huyu ni wa nani?" Mama Miche aliuliza.

"Cheche!" sauti iliita.

Mbwa akachomoka. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue alitii, tena mbio, akapita chini ya ua, nao wakasimama kumchungulia. Ng'ambo ya pili bibi wa dirishani alikuwa amesimama wima katikati ya uwanja wake, bila mkongojo, na mbwa anarukaruka miguuni pake.

"Mguu ulipona zamani," bibi alisema. "Nilikuwa nawangoja nyinyi mwambiane."