Mkalimani wa Mgiriki

Donatus hakumwamkia yule bibi. Alipangusa benchi kwa leso, akaketi ncha ya mbali, suti yake ya kuazima isije ikagusana na kaniki ya bibi.

Mbele yao ulikuwa mlango wa ofisi ya mgodi. Ndani alikuwamo Mgiriki mgeni, aliyefika Geita Juni hiyo ya mwaka 1951 kushika nafasi ya kaka yake, wala hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alitafuta mkalimani. Donatus, aliyeiacha seminari baada ya miaka saba, alikuwa ameapa mbele ya baba yake kwamba asipoipata kazi hii atarudi Segese kuchunga ng'ombe.

"Wa jikoni huzunguka nyuma, bibi."

"Nimeambiwa nisubiri hapa, mwanangu," alijibu bibi huyo, Mbuke.

Donatus akacheka puani. "Unajua anayetakiwa hapa ni mtu wa namna gani? Ni mtu wa gnosis. Neno la Wagiriki wa kale hilo. Maana yake ni maarifa. Si haya ya kusonga ugali, bali ya kulijua jambo hata likawa kama ndugu yako wa damu."

"Neno zuri. Na wewe na hao Wagiriki mmejuana wapi?"

"Vitabuni. Wewe umesomea wapi?"

"Sikusoma, baba. Nililea watoto wa watu kule Mwanza, miaka kumi na miwili, mpaka wakarudi kwao."

"Yaya," alisema Donatus, kama anayetema kokwa. Akafunua daftari lake, akawa anarudia maneno kwa midomo bila sauti.

Bibi akatoa ukindu, akaanza kusuka. Vidole vilipochangamka, akaimba taratibu wimbo wa kubembeleza mtoto, kwa lugha ambayo Donatus hakuijua wala hakuona haja ya kuijua. Alivumilia ubeti mmoja.

"Nyamaza, bibi. Hicho Kizinza chako cha porini kinanivuruga. Mgiriki atatudhani sote washenzi."

Mbuke alisuka, akaimba.

Mlango ukafunguliwa. Donatus alisimama wima, daftari kifuani. Mgiriki alibaki kizingitini, kofia mkononi, asimtazame.

Ubeti wa pili aliuimba pamoja na bibi.