Funda la Kwanza la Ronny

Moraa aliinamisha glasi, na bia nyeusi, ile ya bei ya kuumiza, ikazama kwenye udongo wa pipa la maua pale mlangoni.

"Kunywa, Ronny," alisema polepole. "Kunywa ulale."

Solomon alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Alisimama palepale.

Hakuhitaji kuambiwa. Kwao magharibi mwa Kenya, kama kwao Moraa, pombe haimwagwi chini bure. Funda la kwanza ni la aliyetangulia. Na huyu alikuwa Moraa, mke wa Ronny, yuko peke yake kwenye kiwanda kidogo cha bia huku Hockley, Birmingham. Hapahapa ndipo Ronny na Solomon walipokuwa wakiyamalizia majira ya baridi, wakionja bia za Charanjit, mwenye kiwanda, moja baada ya nyingine, wakingoja Aprili warudi uwanjani kucheza besiboli. Ronny mrushaji, Solomon mdakaji. Wakenya wawili kwenye besiboli ya Birmingham, jamani! Watu waliwacheka, na wao wakacheka zaidi.

"Shemeji," Solomon alisema, sauti ikimkatika. "Lini?"

Moraa alimtazama usoni. "Novemba," akasema, kisha machozi yakamshuka.

Solomon hakuuliza zaidi. Mjane hahojiwi kama yuko kituo cha polisi. Isitoshe, aliona aibu. Mwaka mzima alikuwa Aberdeen, kule Uskoti, akihudumia wazee, simu ikapotea na namba zote ndani yake, naye akawa mtu wa kesho nitamtafuta, kesho nitamtafuta. Sasa ampigie nani? Aseme nini? Kwamba yeye na Ronny walikuwa chanda na pete, na hata pole hakutuma?

Basi ikawa kila Jumamosi mchana anakuja kuketi na Moraa. Angalau hilo aliliweza. Waliagiza ileile nyeusi aliyoipenda Ronny, na kabla hawajaonja, wanatoka mlangoni kumpa lake. Solomon alimwaga kwa mkono wa kulia, ule wa baraka, kama alivyofundishwa na baba yake. Moraa alimwaga kwa wa kushoto. Solomon aliliona hilo. Msiba humvuruga mtu, alijiambia.

"Nyinyi mtaniulia maua," Charanjit alinung'unika, akipita na ndoo. Na kweli, majani yalikuwa yameanza kujikunja.

Halafu likatokea la Ladywood, mtaa usio mbali na hapo.

Solomon alikuwa anangoja basi, mvua inanyunya, akili yake kwenye mambo ya chakula. Basi la upande wa pili likasimama. Dirishani, paji la uso limeegemea kioo, alikuwa amekaa Ronny. Mashavu yameingia ndani, koti linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Yaliinuka yale macho, yakamwona, na mdomo ukafunguka kutamka kitu.

Solomon alikimbia. Mwanamume mzima, na sare yake ya kazi, alikimbia hadi mapafu yakawaka moto. Tangu siku hiyo hakulala tena bila taa.

Jumamosi alimweleza Moraa. Alitegemea atapiga mayowe. Moraa alimshika tu kifundo cha mkono, akasogea karibu.

"Amekonda?"

"Ameisha, shemeji. Ni mifupa tu."

Moraa alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mimi nikimwita, anajikaza," alisema. "Lakini wewe alikupenda. Tangu uanze kumwaga wewe, naona mambo yanakwenda. Aki Solo, msaidie alale. Asifike siku ya kufungua msimu akiwa bado anatangatanga."

Neno hilo lilimchoma. Ronny na tamaa yake ya Aprili! Kumbe ndiyo maana hatulii, maskini, anangoja mechi. Solomon alijifuta macho, akaapa kwamba kama hakuweza kumzika rafiki yake, basi atampumzisha.

Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu, Charanjit aliwaambia pipa la bia nyeusi linakauka. Joto linaingia, sasa anapika bia nyepesi. Solomon aliichukua glasi ya mwisho. Hakuonja hata tone. Alipiga magoti mbele ya lile pipa la maua, wapita njia wakimshangaa, akaimimina yote hadi povu.

"Ronny, ndugu yangu," alisema kwa moyo wake wote. "Inatosha. Nenda sasa."

Nyuma yake Moraa alikuwa ametulia tuli. Kwa mara ya kwanza alikuwa anatabasamu.

Siku ya kufungua msimu kulikuwa na jua. Solomon aliwahi uwanjani kabla ya wote, akaketi kwenye benchi, glavu ya kudakia mapajani. Kifua kilikuwa chepesi. Hakuna aliyemtokea wiki nzima.

Mkono ukamshika begani.

"We mwizi! Umerudi lini, na mbona ulinikimbia siku ile?"

Solomon aligeuka. Ulikuwa mkono wa moto, mkono wa mtu mwenye homa, na uzito wote wa mwenyewe ulikuwa umeegemea fimbo. Ronny alijishusha kwenye benchi kidogo kidogo, akikohoa, akicheka.

"Usiniangalie hivyo, bro. Madaktari wamenipima kila kitu, hawaoni ugonjwa. Jumamosi iliyopita ndiyo nilianguka kabisa, nikazinduka kwenye ambulensi." Alifuta midomo kwa kiganja. "Na usinicheke, Solo, lakini kila nikizidiwa nasikia mdomoni ladha ya ile bia nyeusi ya Charanjit, na mimi tangu nimwache Moraa Novemba sijakanyaga kule."