Komeo la Nje

Mbwana aliikarabati nyumba ya marehemu baba yao bila kubadili kitu. Kuta alizipaka chokaa ileile, na milango ya mninga akaisugua mpaka ikang'aa. Dada yake Hidaya alipokuja kuiona, alisimama mbele ya chumba kidogo cha uani.

"Hata komeo hili umeliacha?"

"Lilikuwapo tangu zamani. Nimelitia mafuta tu."

"Kaka, hujajiuliza kwa nini liko nje?"

Mbwana, aliyelelewa kwa shangazi yao, alitikisa kichwa.

"Baba alikuwa akinifungia humu," alisema Hidaya. "Nikilia, ananiongezea siku."

Mbwana alitafuta bisibisi. Akaling'oa komeo, akaufungua mlango wote. Mwanga ukaingia hadi ukuta wa mwisho. Hidaya alibaki nje, ameushika mwimo wa mlango, hajainua mguu.